Rh ya Mudaka

Ukitoka Bukavu kwenda uwanja wa ndege wa Kavumu, kabla hujafika Miti, barabara inapita katikati ya soko la Mudaka, na dereva hata awe na haraka kiasi gani, hapo atapunguza mwendo. Mihogo imepangwa mpaka juu ya kile kilichobaki cha lami, samaki wadogo wa sambaza wamejaa kwenye mabeseni, mbuzi anavuka anapotaka. Utotoni nilikuwa nikirudi na mama kutoka sokoni kwa miguu, nikisoma kila pano iliyosimama kando ya njia. Pano ndilo neno letu. Kwingine watasema bango au kibao. Nilizisoma kwa sauti, na kwa kuwa nyingi ziliandikwa na baba mdogo, kwa miaka kadhaa niliamini kwamba herufi zote za dunia zinatoka nyumbani kwetu.

Sasa nasomea uchoraji wa herufi na matangazo mjini Kinshasa. Ulipofika wakati wa kuchagua mada ya kazi ya kumaliza masomo, ile tunayoiita TFC, wenzangu walikwenda mbali. Mmoja alizikata herufi vipande akavitawanya ukurasani mpaka hakuna neno linalosomeka. Mwingine alizipitisha kwenye kompyuta zikatoka kama moshi wa makaa. Mimi nilichagua herufi mbili tu, R na H, kama zinavyoandikwa kwenye kilomita chache za barabara yetu. Mwalimu akauliza kama R na H zina historia ya kutosha kujaza TFC. Nikamjibu kwamba nitarudi Mudaka nimuulize baba mdogo.

Kwanza nieleze rh yenyewe, maana msomaji wa Mombasa au Dodoma atadhani ni kosa la mpiga chapa. Sisi ni Bashi na lugha yetu ni Mashi. Kiswahili kikisema tatu, Mashi inasema sharhu. Tano ni rhanu, mti ni omurhi. Ile t ya jirani zetu, vinywani mwetu imelegea ikawa r yenye pumzi ndani yake, na walioiandika kwa alfabeti ya Kilatini waliipa alama mbili. Kusoma na kuandika kwa alfabeti hiyo kuliingia Bushi, nchi yetu, hasa kwa mlango wa misheni. Mapadri Weupe walifungua ya kwao Nyangezi mwaka 1906. Tazama ramani uone: Murhesa, Bugorhe, Irhambi, Karhongo. Mgeni aliyetua Kavumu alikanyaga ardhi ya Bugorhe kabla hajajua kuitamka.

Ingeweza kuwa vingine. Mwaka 1927 taasisi ya lugha za Afrika iliyokuwa na makao London ilitoa kijitabu, kikarekebishwa mwaka 1930, kilichopendekeza alfabeti ya pamoja kwa lugha za bara hili. Kila sauti ipate herufi yake, na pale Kilatini kisipotosha zitumike ŋ, ɔ, ɛ na nyingine za aina hiyo. Waewe wa Ghana na Togo wanazo mpaka leo. Mashi haikuingia njia hiyo, na sina huzuni nayo. Karani mwenye mashine ya kawaida ya kuandika angeitoa wapi ɔ? R na h alikuwa nazo chini ya vidole.

Baba mdogo alizaliwa Mudaka, lakini kazi alijifunza mjini Bukavu, Kadutu, kuanzia mwaka 1974. Fundi wake alikuwa mzee aliyeshika brashi tangu Bukavu ikiitwa Costermansville, jina ililobeba kuanzia 1927 mpaka miaka ya 1950. Mzee huyo hakuandika herufi kwa mkono mtupu hata siku moja. Alipiga mistari miwili kwa uzi uliopakwa mkaa: unaushika huku na huku, unauvuta katikati, unauachia, tap, na mstari mweusi unabaki kwenye bati. Kisha rula, kisha kompasi kwa O na C. Herufi zake zilikuwa nene, wima, hazina mikia wala madaha, na zilimchosha mwanafunzi wake hadi kulia. Wakati wa mamluki wa Schramme, walioushika mji wa Bukavu kuanzia Agosti mpaka Novemba 1967, pano zake kadhaa zilitobolewa na risasi. Alizisawazisha kwa nyundo, akaziba matundu, akaziandika upya kwa vipimo vilevile. Baba mdogo akisimulia hapo hucheka. Anasema mzee alilalamikia risasi kwa jambo moja tu, kwamba hazikutoboa katikati ya O.

Aliyetaka kujua siasa ya nchi hii angeweza kumfuata mwandika pano na kuhesabu makopo yake ya rangi. Sarafu iliitwa zaïre tangu 1967. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi nzima ikaitwa Zaïre, na mto pia. Mwaka uliofuata majina ya ubatizo yakapigwa marufuku, na kila duka lililokuwa la Jean au la Joseph likahitaji fundi haraka. Mei 1997 Rais Mobutu akaondoka na Zaïre ikaondoka naye. Makopo yakafunguliwa tena.

“Mwalimu wangu alioa na Z yenye ilikuja,” baba mdogo aliniambia, “na mimi nilinunua mabati ya nyumba na Z yenye iliondoka.”

Mabati yenyewe ndiyo yaliyotufunika tukizungumza. Lakini Z haikuondoka kirahisi. Rangi ilikuwa ghali, wakaichanganya na petroli ili iende mbali, na rangi nyembamba haina siri. Iko pano moja ya shule, nje kidogo ya soko, ambayo ilifutwa ZAÏRE ikaandikwa CONGO juu yake. Asubuhi, jua likiipiga kwa ubavu, kile kinundu cha rangi ya zamani kinainuka na Z inatokea nyuma ya C, imekunja magoti. Niliipiga picha mara kumi na mbili. Ndiyo ukurasa wa tatu wa TFC yangu, na ndiyo picha pekee ambayo mwalimu aliomba apewe.

Baadaye zilikuja kazi za mkupuo. Uchaguzi wa tarehe 30 Julai 2006 ulikuwa na wagombea 33 wa urais peke yao, bila kuhesabu wa ubunge, na kila mmoja alitaka kaliko, yaani kitambaa cheupe kilichoandikwa na kukazwa juu ya barabara kwa kamba. Kwenye kaliko rangi inakimbia. Ukichelewesha mkono, herufi inanenepa mbele ya macho yako. Halafu kampuni za simu. Vibanda vilipakwa nyekundu na njano ya Celtel. Mwaka 2008 Celtel ikawa Zain, ukuta ukapakwa upya. Mwaka 2010 Zain ikawa Airtel, ukapakwa tena. Kazi hiyo ilifanywa kwa karatasi ngumu iliyokatwa herufi tayari, unaibandika ukutani na kupaka tu. Baba mdogo aliifanya kwa sababu ililipa, na mpaka leo hapendi iitwe kuandika. Mimi nadhani hapo anaonea. Kukata ile karatasi safi nako ni ufundi, ila sikumwambia.

Kazi yake mwenyewe ina kanuni ambazo shuleni sikuzikuta. Kubwa ni ya kivuli. Kila herufi yake nene ina kivuli cheusi upande mmoja, ili ionekane imesimama mbali na bati. Nilipoanza kupiga picha za pano zake niliona kivuli kimoja kinaangukia kulia, kingine kushoto, nikaandika kwenye daftari langu kwamba fundi hana msimamo. Siku mbili baadaye nilisimama chini ya pano yenye nyuso mbili, inayosomwa na anayetoka mjini na anayerudi mjini. Uso unaotazama Bukavu una kivuli kulia. Uso unaotazama Kavumu una kivuli kushoto. Nikazunguka nguzo mara tatu kama mwendawazimu. Kisha nikanyoosha mkono kufuata kivuli, kwanza upande mmoja, kisha wa pili, na mara zote mbili mkono ulielekea mashariki, upande wa ziwa.

Nilimuuliza. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu miguuni. Watu wanasoma pano jioni, alisema, wakirudi na mizigo yao, hawana haraka. Jioni jua liko wapi? Liko Kahuzi, mlima wetu wa magharibi. Basi kivuli kiende wapi?

“Wewe unaangariaka pano,” akaongeza. “Mimi naangariaka muntu mwenye iko anapita.”

Nikalifuta lile neno msimamo kwenye daftari.

Kanuni ya pili ni ya pesa, na ndiyo iliyozaa rh ya Mudaka. Malipo huhesabiwa kwa herufi. Ndiyo maana barabara yetu imejaa vifupisho: Ets kwa biashara, Mson kwa nyumba ya biashara, Alim. kwa duka la vyakula. Wageni huviona kama mtindo. Ni mapatano ya bei yaliyogandishwa kwenye bati. Hata zile herufi za mwisho zilizobanwa ukingoni zina kisa chake: mteja ameongeza neno baada ya mistari kupigwa, na bati halinunuliki mara mbili.

Wakati wa vita ya pili, ile iliyoanza Agosti 1998, pesa zilipotea na kila herufi ikawa ya kugombaniwa. Akaja mwenye duka la dawa. Jina lake silitaji, ila lilikuwa na rh mbili ndani. Baba mdogo akahesabu kwa kidole, herufi moja moja, akataja bei. Mteja akahesabu na yeye, akapata pungufu kwa mbili. Wakarudia. Tofauti ilikuwa palepale. Mteja alikuwa anahesabu kila rh kuwa moja.

“Kinywa yangu inaisemaka mara moja,” alisema, “njo nilipe mara mbili?”

Ni hoja ambayo wale mabwana wa London wa mwaka 1927 wangempigia makofi: sauti moja, herufi moja. Baba mdogo hakuwa na jibu. Alikuwa na njaa pia, hilo analisema mwenyewe. Akakubali bei ya mteja kwa sharti moja: “Kama ni moja, basi nitaiandika moja.”

Alichofanya ni hiki. Aliandika R kama kawaida: nguzo, kisha tumbo. Ulipofika mguu, badala ya kuushusha mpaka mstari wa chini, aliuteremsha kidogo tu kisha akaupinda kwenda kulia, akaufanya daraja la H. Mwisho wa daraja akasimamisha nguzo moja, ya kulia. H haikupata nguzo ya kushoto. Iliazima ile ya R. Viboko vikapungua, rangi ikapungua, na nafasi kwenye bati ikabaki ya kuandikia namba ya kibanda. Mteja alisimama akaangalia, akasema jina lake kwa sauti, akasema tena. Kisha akalipa.

Pano hiyo sikuiona. Duka lilifungwa kabla sijaanza shule. Lakini umbo lilibaki mkononi mwa baba mdogo, likahamia kwa vijana wawili aliowafundisha, na mmoja wao alifungua kazi yake kuelekea Katana. Nilipoitembea barabara na daftari, nilihesabu pano kumi na tisa zenye rh iliyounganishwa. Tano kati ya hizo ziliandikwa na watu ambao baba mdogo hawajui. Mmoja wao ameifanyia jambo ambalo baba mdogo asingelithubutu: nguzo ya kulia ameiinua juu ya mstari, ikachomoza kama mlingoti. Imekaa vibaya na naipenda.

Shuleni, nilipoanza kutafuta ndugu wa rh hii, niliwakuta wengi. Gutenberg mwenyewe, kwa ile Biblia yake ya miaka ya 1450, alimimina karibu maumbo 290 tofauti, mengi yakiwa herufi zilizoungana au kufupishwa, kwa sababu wasomaji wake walizoea mkono wa waandishi wa vitabu. Kiswahili nacho, muda mrefu kabla hakijavaa Kilatini, kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo kazi yao ni kuungana. Barua za Kilwa zilizohifadhiwa Goa ni za kuanzia mwaka 1711. Huko Cameroon, Mfalme Njoya wa Wabamum alianza mwaka 1896 kubuni mwandiko wake, akaupunguza awamu baada ya awamu kutoka mamia ya alama hadi themanini hivi. Hayo ya Njoya niliyakuta katika kitabu cha Saki Mafundikwa kuhusu alfabeti za Afrika, kilichotoka mwaka 2004. Mafundikwa ni Mzimbabwe aliyerudi kutoka New York akafungua Harare, mwaka 1999, shule ya kazi kama hii ninayoisomea.

Na hapa Congo tunayo Mandombe. Wabeladio Payi aliianzisha mwaka 1978 huko Mbanza-Ngungu, baada ya kuona katika maungio ya matofali ukutani maumbo mawili yanayofanana na 5 na 2. Wakimbangu, waumini wa kanisa la Kimbangu, wanaifundisha. Mwenzangu mmoja wa darasa ni Mkimbangu, alinionyesha: umbo lilelile linageuzwa, linapinduliwa, na kila mgeuzo ni sauti nyingine. Nilikaa nalo wiki nzima. Ni akili kubwa, lakini ni akili iliyokuja kwa mtu mmoja kama maono, na ndivyo yeye mwenyewe alivyoieleza. Rh ya Mudaka ilikuja kwa watu wawili waliokuwa wakibishana bei, wala hakuna kati yao aliyefikiri amebuni kitu.

Aliye karibu zaidi na baba mdogo ni Chéri Samba. Naye alianza kwa kuandika mabango Kinshasa, alikofika mwaka 1972, na mwaka 1975 akafungua karakana yake mwenyewe. Alipohamia kwenye turubai za wachoraji aliingia na maneno yake, akajaza picha maandishi, akiwa ameona kwamba mpita njia akipata cha kusoma husimama muda mrefu zaidi. Hiyo ni elimu ya kando ya barabara. Haipatikani penye ukimya.

Basi nikaingia kazini. Nilichora herufi zote za baba mdogo kutoka kwenye picha, nikazipeleka kwenye kompyuta kwa FontForge, programu isiyolipiwa, nikatengeneza fonti. Ndani ya fonti unaweza kuweka amri: ukiona R ikifuatwa na H, toa hizo mbili, weka umbo moja. Usiku ule nilipoandika MURHESA na daraja likajitokeza lenyewe kwenye skrini, nilimwamsha mwenzangu wa chumba. Hakufurahi.

Kesho yake nilitengeneza bango la mfano la zahanati. Juu jina la kijiji, chini orodha ya magonjwa kwa Kifaransa, kama zahanati zote zinavyofanya. Nikachapa, nikabandika ukutani, na wa kwanza kuliona alikuwa mwalimu. Aliliangalia kwa utulivu, akaweka kidole kwenye RHUME, mafua, halafu kwenye RHUMATISME. Zote mbili zilikuwa zimevaa rh ya Mashi. Fonti yangu ilikuwa haijui kwamba h ya Kifaransa pale haitamkwi, imekaa tu. Kwa wiki mbili nilihangaika na kanuni za kubagua lugha, kwamba umbo lijitokeze pale tu neno limetiwa alama kuwa ni la Mashi. Inafanya kazi, lakini inamtaka mwandishi aseme kwanza anaandika lugha gani, na kwenye pano moja ya Mudaka zimo lugha tatu: Mashi, Kifaransa na Kiswahili, bila mpaka. Baba mdogo nilipomsimulia aliuliza kwa nini sikutumia masikio.

Siku hizi kazi yake imepungua. Mjini wanachapa kwa mashine juu ya turubai la plastiki, tunaloliita bashi, kutoka neno la Kifaransa, na ndiyo, ni jina lilelile la kabila letu. Mzaha huo umechoka sasa. Bashi linachapwa kwa siku moja, lina picha na rangi zote. Likizo iliyopita mwenye duka la simenti alitaka la namna hiyo, lakini alitaka pia rh ya jina lake iwe “ya hapa.” Baba mdogo akanisukumia mimi. Kwangu ilikuwa kama kukabidhiwa ufunguo wa nyumba. Niliandaa kila kitu kwa fonti yangu, daraja la rh likakaa sawa, kivuli cheusi nikakiweka kulia, safi, pembe moja kwa herufi zote. Mashine ikachapa nakala mbili. Tukazikaza kwenye nguzo mgongo kwa mgongo, moja inatazama Bukavu, moja inatazama Kavumu.

Baba mdogo alisimama upande wa Bukavu, akatikisa kichwa kukubali, akapitisha kidole hewani juu ya ule mguu wa R. Kisha akazunguka kwenda upande wa pili. Alikaa huko kimya, mpaka mwenye duka naye akamfuata kuona kuna nini. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, na jua lilikuwa limeinamia Kahuzi.

“Mutoto yangu,” aliniita. “Ku hii upande, jua inatokea ziwani mangaribi?”

Nikaenda kutafuta ngazi.